Matairi ya Pikipiki Kati ya Lami na Mbuga

Pikipiki hugusana na ardhi katika sehemu mbili tu, na kila moja ya sehemu hizo ina ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima. Kani zote za kuondoka, za kupinda kona na za kusimama ghafla mbele ya mtoto avukaye barabara hupita katika viganja hivyo viwili vya mpira. Uchaguzi wa tairi, basi, si suala la sura ya chombo wala la bei peke yake. Ni suala la fizikia, na mara nyingi ni suala la uhai.

Kata ya Igogo, katika Jiji la Mwanza, ni mahali pafaapo kulichunguza jambo hili. Upande wa chini, karibu na ziwa, hupita Barabara ya Kenyatta iliyowekwa lami, ielekeayo Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na hatimaye Usagara. Upande wa juu, nyumba zimejengwa kilimani katikati ya majabali ya granaiti, na njia za kuzifikia ni nyembamba na zenye mwinuko mkali. Katika vilima vya Mwanza, baadhi ya njia za namna hiyo zimetandikwa mawe. Nyingine zimebaki udongo na changarawe. Tena, mtu aendaye kusini kuelekea Misungwi, mara aiachapo barabara kuu, hukutana na mchanga, kisha udongo mweusi wa mbuga. Kwa hiyo dereva mmoja, kwa tairi moja, huweza kupita juu ya ardhi za aina nne kabla ya saa sita mchana.

Swali linaloulizwa na wengi ni hili: lipi tairi bora? Swali hilo, kwa namna lilivyo, halina jibu. Mshiko si mali ya tairi peke yake. Ni matokeo ya kukutana kwa tairi na ardhi. Ili kuchagua vema ni lazima kwanza kufahamu mambo yanayotukia mahali hapo pa kukutana.

Mpira juu ya lami

Wanafunzi wa shule za sekondari hufundishwa kwamba kani ya msuguano hutegemea uzito na hali ya nyuso mbili zinazogusana, wala haitegemei ukubwa wa eneo la mgusano. Kanuni hiyo, iliyotolewa na Mfaransa Guillaume Amontons mwaka 1699, huelekea kuwa kweli kwa mbao na chuma. Kwa mpira haitoshi. Mpira ni laini. Chini ya uzito huingia katika vijishimo vidogo vidogo vya kokoto za lami, huzikumbatia, na huzishika. Kadiri mpira mwingi zaidi unavyogusa lami kavu, ndivyo mshiko unavyokuwa mzuri zaidi. Ndiyo sababu pikipiki za mashindano ya barabara za lami, siku isiyo na mvua, hutumia matairi yasiyo na mfereji hata mmoja.

Mvua ikinyesha mambo hubadilika. Maji hujipenyeza kati ya mpira na kokoto, na mkumbatiano ule huvunjika. Mifereji ya tairi la lami imewekwa kwa kazi hiyo hasa: kuyapa maji njia ya kutokea ili mpira ulifikie jiwe. Hatari huwa kubwa zaidi katika dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi kirefu, kama ilivyo Mwanza mvua za vuli zinapoanza, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani huchanganyika na maji na kuwa utando wa utelezi. Jiwe lililolainishwa na miguu na magurudumu ya miaka mingi huteleza vilevile linapolowa.

Tofauti hiyo huweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Uwiano wa kani ya msuguano kwa uzito juu ya lami kavu hukaribia 0.8. Juu ya lami yenye utelezi, au kwa tairi lisilofaa, uwiano huo huweza kushuka hadi 0.4. Umbali wa kusimama, tangu breki zishike, hupatikana hivi:

Umbali = (mwendo × mwendo) ÷ (2 × uwiano wa msuguano × mchapuko wa mvutano wa dunia)

Pikipiki iendayo kilomita 36 kwa saa hutembea mita 10 kwa sekunde. Mchapuko wa mvutano wa dunia ukichukuliwa kuwa 10, umbali wa kusimama kwenye lami kavu ni mita 6.25, kwenye utelezi ni mita 12.5. Katika mteremko ambao barabara hushuka mita 1 kwa kila mita 10, sehemu ya uzito huisukuma pikipiki mbele, na uwiano wa 0.4 hubaki kama 0.3. Umbali basi hufikia karibu mita 17. Hapo haijahesabiwa sekunde moja ambayo dereva huitumia kuona na kushika breki, ambayo peke yake humeza mita 10. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne.

Meno ndani ya udongo

Juu ya udongo mambo ni mengine kabisa. Mpira una nguvu kuliko udongo. Kinachokatika tairi linapoteleza ni udongo wenyewe. Hivyo mshiko hauwezi kuipita nguvu ya udongo ya kukataa kukatwa. Mhandisi Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb aliieleza nguvu hiyo katika tasnifu aliyoiwasilisha mwaka 1773. Alisema ina sehemu mbili: mshikamano, yaani namna chembe zinavyogandana zenyewe kwa zenyewe, na msuguano wa ndani, ambao huongezeka kadiri udongo unavyokandamizwa.

Mchanga mkavu hauna mshikamano. Nguvu yake yote hutokana na msuguano wa chembe. Udongo wa mfinyanzi uliolowa una mshikamano, lakini msuguano wake wa ndani, gurudumu linapopita upesi, ni kama haupo. Matokeo yake ni makubwa. Katika mchanga, uzito juu ya gurudumu la nyuma husaidia kusukuma, ilimradi gurudumu lisizame. Katika tope la mfinyanzi, kuongeza uzito hakuongezi mshiko. Kinachosaidia ni eneo la udongo linaloshikwa.

Mwanafunzi achukue mfano wa gurudumu la nyuma lenye mzigo wa niutoni 1,600. Udongo ukiwa mlaini sana, wenye mshikamano wa kilopaskali 10, gurudumu huzama mpaka eneo la mgusano lifikie, kwa kukadiria, sentimita za mraba 250. Kani kubwa kabisa ya kusukuma inayoweza kupatikana ni niutoni 250. Pikipiki yenye jumla ya kilo 260, pamoja na dereva na abiria, huhitaji niutoni 260 ili kupanda mwinuko wa 1 kwa 10, bila hata kuhesabu nguvu inayopotea katika kulichimba tope. Haitapanda, hata injini yake iwe na nguvu namna gani.

Kazi ya meno marefu ni kupenya utando wa juu wenye utelezi na kuufikia udongo mgumu zaidi ulio chini. Mwanzoni mwa mvua, mbuga ikiwa imelowa sentimita chache tu za juu, meno hayo huleta tofauti kubwa sana. Mbuga ikishaloa mpaka chini, hakuna meno yatakayoisaidia pikipiki. Aidha, nafasi kati ya meno ina maana kama meno yenyewe. Nafasi ikiwa nyembamba, mfinyanzi huganda humo na tairi hugeuka kuwa gurudumu laini la udongo. Nafasi ikiwa pana, tope hurushwa nje gurudumu linapozunguka.

Elimu hii ya magurudumu na udongo iliendelezwa sana katika karne ya 20 na mhandisi mzaliwa wa Poland, Mieczysław Bekker, ambaye alishiriki pia katika kazi ya gari lililotembea mwezini katika safari ya Apollo 15 mwaka 1971. Magurudumu ya gari hilo hayakuwa ya mpira wala ya hewa, bali ya wavu wa waya wa chuma. Juu ya wavu huo yalipigiliwa mabati ya titani yaliyofunika kiasi cha nusu ya eneo la mgusano. Hata mwezini, swali lilikuwa lile lile: kiasi gani kiwe meno, na kiasi gani kiwe nafasi.

Mnyororo wa udongo wa Usukuma

Msafiri atokaye kwenye vilima vya granaiti vya Mwanza kwenda bondeni hapiti juu ya udongo uliotawanyika ovyo. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpango kutoka kilimani hadi bondeni. Mfuatano huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo: luseni, mchanga wa miteremko ya juu, itogolo, udongo wa chini zaidi wenye tabaka gumu ndani yake, na mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni, ambamo majaruba ya mpunga hulimwa.

Mnyororo huo ni ramani ya dereva. Juu kuna mwamba na kokoto zinazobingirika. Katikati kuna mchanga, ambao kwa ajabu yake huwa mgumu na mwema baada ya mvua ndogo kuliko wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji machache huzishikanisha chembe. Chini kuna mbuga, ambayo wakati wa kiangazi ni ngumu na yenye nyufa, na wakati wa masika hunata kwenye kila kitu. Anayejua yuko kwenye pete ipi hujua pia tairi lake litafanya nini.

Aina tatu za matairi

Matairi ya pikipiki huweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni tairi la lami. Sehemu kubwa ya uso wake ni mpira, na mifereji ni myembamba. Hushika vema juu ya lami kavu na iliyolowa, hudumu muda mrefu, lakini katika tope hujaa na kuteleza mara moja.

Fungu la pili ni tairi la porini, lenye meno marefu yaliyo mbalimbali. Ikiwa nusu ya eneo lake la mgusano ni nafasi tupu, basi juu ya lami nusu tu ya kiganja ndiyo inayoshika. Zaidi ya hayo, meno marefu hupinda pikipiki inapoinama kwenye kona, na dereva huhisi kama chombo kinaelea. Meno hayo hupata joto na kulika upesi juu ya lami.

Fungu la tatu ni tairi la mchanganyiko, lenye vipande vipana vya mpira vilivyotenganishwa na mifereji mipana. Ndilo lililozoeleka katika pikipiki za matumizi mawili kama Honda XL na Yamaha DT, zilizotumiwa na mabwana shamba na maofisa wa afya vijijini. Wauzaji huweza kulitaja kwa mafungu ya mia, kama vile lami 80 na udongo 20, au 50 kwa 50. Tarakimu hizo ni maelekezo ya mtengenezaji mwenyewe, si kipimo cha maabara kinacholingana kwa watengenezaji wote. Mnunuzi na alitazame tairi kwa macho yake: mpira ni kiasi gani, nafasi ni kiasi gani, na meno yana urefu gani.

Upepo, kipimo kinachosahauliwa

Tairi la hewa lilipatiwa hataza na Robert William Thomson wa Uskoti mwaka 1845, likasahauliwa, kisha likabuniwa upya na John Boyd Dunlop huko Belfast mwaka 1888. Tangu hapo kanuni yake haijabadilika: hewa ndiyo ibebayo mzigo. Eneo la mgusano hukaribia kuwa sawa na mzigo uliogawanywa kwa kanieneo ya hewa. Mzigo wa niutoni 1,600 kwa kilopaskali 200, yaani paundi 29 hivi kwa inchi ya mraba, hutoa sentimita za mraba 80. Upepo ukipunguzwa, eneo huongezeka, ukiongezwa, hupungua.

Kwa sababu hiyo, dereva aingiaye kwenye mchanga mwingi hunufaika akipunguza upepo kidogo. Lakini faida hiyo ina masharti. Tairi lenye upepo mdogo juu ya lami hujikunja mno, hupata joto, huyumba kwenye kona, na huweza kuteleza juu ya ringi na kung'oa vali ya mpira wa ndani. Asiye na pampu ya kuujaza tena kabla ya kurudi barabarani asiupunguze. Naye azoeaye kujaza upepo kupita kiasi ili abebe mzigo mkubwa hupunguza mshiko wake mwenyewe. Kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki, kipimwe asubuhi tairi likiwa limepoa, na kiongezwe kwa gurudumu la nyuma kama mtengenezaji alivyoelekeza wakati wa kubeba abiria.

Kusoma ubavu wa tairi

Ubavuni mwa tairi mna maandishi ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyasoma kabla ya kutoa fedha. Maandishi 3.00-17 yana maana ya upana wa inchi 3 na ringi ya kipenyo cha inchi 17. Maandishi 110/90-17 yana maana ya upana wa milimita 110, kimo cha ubavu kilicho asilimia 90 ya upana huo, na ringi ile ile. Namba ya mzigo hufuata: 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, na 52 ni kilo 200 kwa tairi moja. Herufi iliyo karibu nayo huonyesha mwendo wa juu unaoruhusiwa. L, kwa mfano, ni kilomita 120 kwa saa. Mshale huonyesha upande wa kuzungukia.

Muhimu zaidi ni tarakimu nne za tarehe. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Jua na hewa huufanya uwe mgumu na wenye nyufa, na mpira mgumu hauwezi tena kuzikumbatia kokoto za lami. Tairi lenye meno mazima lakini lililokauka ni udanganyifu. Vivyo hivyo tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu: mifereji yake mipya imekatwa katika mpira ambao ulibaki kuzilinda nyuzi za ndani.

Namna ya kuchagua

Dereva na aandike kwa juma moja safari zake zote: kilomita ngapi za lami, ngapi za changarawe, ngapi za mchanga, na ngapi za mbuga. Watu wengi hukumbuka zaidi siku waliyokwama kwenye tope, wakasahau mamia ya kilomita za lami. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata msafiri wa Sengerema huweza kuvuka ghuba bila kusubiri kivuko, na safari za lami zimekuwa ndefu zaidi.

Baada ya hesabu ya kilomita lije swali la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza: ni wapi ambapo kuteleza kutagharimu zaidi? Katika tope, pikipiki huenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Dereva akianguka huinuka akiwa mchafu. Juu ya lami iliyolowa, huenda kilomita 50 kwa saa au zaidi, mbele ya basi na nyuma ya lori. Hivyo basi, kanuni ni kuchagua tairi kwa ajili ya mahali pa mwendo mkubwa, na kuyashinda matope kwa subira. Asiyeweza kufanya hivyo, kwa kuwa kazi yake iko mbugani, achague meno, lakini apunguze mwendo kila arudipo kwenye lami.

Kwa kanuni hiyo, dereva wa bodaboda wa Igogo, anayepanda vilima na kushuka mjini, atafaidika na tairi la mchanganyiko lililoelemea upande wa lami. Mwalimu aishiye Igogo na kufundisha shule iliyo mbali na barabara kuu atahitaji mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Bwana shamba anayetembelea majaruba ya Misungwi wakati wa masika atahitaji meno makubwa.

Jambo moja lawahusu wote watatu. Breki zinaposhikwa, uzito huhamia mbele. Katika pikipiki ya kilo 260 yenye kitovu cha uzito kilicho sentimita 65 juu ya ardhi na magurudumu yaliyoachana sentimita 125, upunguzaji wa mwendo wa mita 5 kwa sekunde kwa kila sekunde huhamisha niutoni 676 kutoka nyuma kwenda mbele. Gurudumu la mbele lililobeba niutoni 1,000 sasa hubeba karibu 1,680. Hilo ndilo linalosimamisha chombo. Desturi ya kuliweka tairi jipya nyuma na kuacha kipara mbele, kwa hoja kwamba la nyuma ndilo linalovuta, ni akiba inayolipwa kwa mifupa.

Majaribio na maswali kwa wanafunzi

1. Kateni kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa sentimita 20. Kipakieni mawe ya uzito unaojulikana, kisha kivuteni polepole kwa mizani ya springi juu ya saruji kavu, saruji iliyolowa, mchanga na tope la mfinyanzi. Chorani grafu ya kani dhidi ya uzito. Kwa nini mstari wa tope hauanzi kwenye sifuri, na kwa nini umelala kuliko mingine?

2. Pakeni wino kwenye tairi la pikipiki iliyosimama, lishusheni juu ya karatasi ya grafu, kisha hesabuni miraba iliyopata wino. Rudieni kwa vipimo vitatu vya upepo. Je, eneo hupungua kama kanuni ya kanieneo isemavyo? Elezeni mchango wa ugumu wa ubavu wa tairi.

3. Pikipiki huenda kilomita 54 kwa saa juu ya lami iliyolowa yenye uwiano wa msuguano wa 0.5. Tafuteni umbali wa kusimama tangu breki zishike, kisha ongezeni umbali wa sekunde moja ya kutambua hatari. Pimeni umbali huo kwa hatua katika uwanja wa shule, na simameni kwenye ncha zake mbili.